Siku Niliyokataa Kupanda Ndege ya Vita

Mume wangu ana tabia ya kuacha sanduku lake la spana kwenye kibaraza, na jua la Dubai halimwonei mtu haya. Juzi nililifunua nikitafuta bisibisi. Ikanipanda puani harufu ya chuma kilichochomwa na jua, grisi kuukuu na vumbi, nikabaki nimesimama na kifuniko mkononi. Miguu ikaanza kunicheza. Haukuwa uchovu. Ilikuwa ile hali ya mtoto aliyekalishwa kwenye gari, mapaja yamenata kwenye kiti, na hajui anapelekwa wapi.

Mume wangu alinikuta hivyo akauliza kulikoni. Nikamwambia tumbo. Nimeolewa na mtu anayependa safari. Kila Ijumaa anataka twende Hatta, twende Fujairah, twende tukautazame mlima ambao tuliutazama mwaka jana na tangu hapo haujasogea, kwa hiyo tumbo langu limenisaidia sana katika ndoa hii. Watu wa jengo letu hapa Discovery Gardens wananijua. Jirani yangu mmoja, mtu wa Kampala, husema siku nikifa itabidi wanizike jikoni. Simbishii. Lakini ipo siku moja nilipoipigania nyumba kwa kelele zangu zote, nikashinda, na mpaka leo huo ushindi sijapata pa kuuweka.

Wenzangu mliokulia mtaa wa Satwa miaka ile mtakumbuka yale majumba ya zamani yaliyokatwakatwa kwa mbao, chumba kimoja familia moja, jiko la wote, choo cha wote pamoja na foleni yake. Nje mafundi cherehani, gereji, rangi za magari zikipulizwa mpaka nguo kwenye kamba zinabadilika. Upande wa barabara kuu ilikuwa winchi na majengo yasiyokwisha. Baba alikuwa fundi wa gia kwenye gereji ya Mwarabu mmoja tuliyemjua kwa jina la Arbab tu. Mama alipinda mabuibui, kazi aliyoletewa na maduka ya mtaani, na meza yake ya kukatia ilimeza nusu ya chumba. Chini ya meza hiyo ndiko nilikokaa mimi. Nilikuwa na mto, tochi, mkebe wa vifungo, na kitambaa cheusi kilichoning'inia pande zote nne. Umri wangu miaka tisa.

Watoto wengine walicheza mpira kwenye uwanja wa kuegeshea magari. Mimi hata skuli nilikwenda kwa sababu basi lilikuja mpaka mlangoni. Mama alikuwa akikanyaga cherehani huku akiniambia, "Mtoto we, toka nje ukapigwe na upepo, utaota kuvu." Nami nikimjibu toka chini kwamba kuvu afadhali kuliko jua.

Chini ya meza mtu husikia mengi. Alasiri moja Baba alirudi mapema kuliko kawaida yake, akakaa kitandani, wakaanza kuzungumza na Mama wakidhani nimelala. Cherehani iliwakata kila mara, kwa hiyo niliambulia vipande. Baba alisema hakuna njia nyingine, Bibi kule hana mtu. Cherehani. Mama akasema, "Lakini hajazoea kule. Umeme unakatika, hamjui hata mtu mmoja." Cherehani tena, mshono mrefu. Kisha Baba, "Na huku atakaa ndani mpaka lini? Mtoto hatoki. Kule angalau atakimbia." Cherehani. Mama akasema tiketi ya mtoto isikatwe kwanza.

Nikajumlisha. Hesabu sikuwa hodari, na jambo hilo lilikuja kuthibitishwa rasmi kidato cha nne, lakini jumlisho la siku ile lilinitoka safi. Napelekwa Unguja kwa Bibi, peke yangu, na kosa langu ni kukaa ndani.

Siku mbili baadaye vifurushi vikaanza kuingia. Mtu wa kwetu akiwa na safari ya nyumbani hana haja ya kutangaza, vifurushi vitamfuata vyenyewe. Mama Salma wa chumba cha tatu alileta makopo mawili ya maziwa na viatu vya mama yake. Wa chumba cha mwisho akaleta blenda. Mwengine dawa za presha, mwengine kanzu ya harusi, na kila mmoja alisema kidogo tu, hakifiki hata kilo. Mama akatoa ile mizani ya kujipimia uzito, akalaza begi juu yake, akasoma, akatoa kopo, akasoma tena. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa majirani wengi. Chumba kinachopokea vifurushi ndicho kinachotoa msafiri. Sasa katika chumba chetu msafiri nani? Baba alikuwa na gereji. Mama alikuwa Mama, na mimi nilimhesabu pamoja na kuta, na ukuta hausafiri. Nikabaki mimi.

Mtauliza kwa nini sikuuliza. Niliona kwamba jambo ambalo halijasemwa mbele yangu bado linaweza kusahaulika, na mimi nikilitaja nitakuwa nimewakumbusha. Badala yake nikaamua kujirekebisha. Kila siku baada ya skuli nilitoka nje nikasimama karibu na mlango, juani, mikono ubavuni kama askari wa benki. Nilihesabu mpaka mia tano kisha nikarudi ndani, na nilipoingia nilikohoa ili Mama ajue nilikuwa nje. Siku ya tatu alinishika paji la uso akaniuliza kama nina homa.

Alhamisi Baba akatangaza safari. Arbab kampa pikapu aende kaskazini kuchukua gia ya lori kwa mtu mmoja, basi kesho tutakwenda sote, tukabadilishe hewa. Baba yangu hakuwa mtu wa kubadilisha hewa. Ijumaa yake ilikuwa msikiti, wali, na usingizi wenye sauti. Usingizi ukanipaa. Asubuhi nikamwona Mama akitia kwenye mkoba wake taulo, suruali yangu na magauni yangu mawili. Kwa haki niseme kwamba mimi gari lilinitapisha, na Mama kila mara alibeba nguo ya akiba. Lakini moja. Siku zote moja.

Pikapu ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Baba kwenye usukani, Mama dirishani, mimi katikati nimekipanda kishikio cha gia miguu huku na huku. Kila Baba alipobadilisha gia alisema, "Mguu," nami nikausogeza. "Mguu." Tukatoka mjini hivyo. Sikuweza kutulia. Nilihesabu nguzo za taa zikaisha, nikahesabu ngamia nyuma ya uzio, nikaanza kuhesabu mara ambazo Baba amesema mguu. Yeye alizungumza kuliko nilivyopata kumsikia. Alitutajia kila gari lililotupita na ugonjwa wake. Mama alitazama nje, na mkoba wenye magauni yangu ameupakata kama mtoto mchanga. Nikamwomba nimshikie. Akasema, "Tulia, mwanangu, unanichokoa." Sikutulia. Nilitaka kujua kama pasi yangu imo ndani.

Tulisimama njiani kwa ajili ya sala ya Ijumaa, kisha Baba akampigia simu mwenye gia. Yule akasema amelala, twende baada ya alasiri, inshallah. Tukawa na saa tatu za kupoteza mahali ambapo hapakuwa na kivuli. Baba akapiga usukani kwa kiganja akasema anajua pa kwenda. Kuna kiwanja cha ndege cha zamani hapa mbele, wamekigeuza makumbusho ya ndege za kivita, Arbab alimsimulia. Baba alizipenda ndege. Kwetu Satwa aliweza kusikia mvumo akiwa amefumba macho akakwambia ni injini ngapi. Mama alisema tu haya. Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Labda ndiko tukamwambie huko." Baba akaitika.

Nilikuwa nimekaa baina yao. Mimi wakubwa walinizungumzia hivyo, kwa juu, kama watu wanaopitishiana chumvi.

Sasa muelewe kwamba uwanja wa ndege sikuwa nimeuona. Dubai nililetwa nina miezi minane, nimelala mapajani mwa Mama. Nilichokijua kuhusu usafiri nilikipata kwa Salma, mtoto wa chumba cha tatu, na Salma alikuwa mwongo. Kwa hiyo tulipokata kona nikaona njia ndefu ya lami iliyopasuka na kuota vichaka, kijumba cheupe cha mnara, na ndege sita saba zimepangwa juani, sikuona makumbusho. Niliona uwanja wa ndege. Kwamba hapakuwa na watu haikunishangaza, maana hapakuwa na watoto wengi waliofukuzwa kwa kukaa ndani. Na kwamba ndege zilikuwa kuukuu haikunishangaza pia. Baba yangu hakupata kununua kitu kipya. Friji letu lilikuwa la mtu, kochi la mtu, televisheni ya mtu. Kwa nini mimi nipande ndege mpya?

Langoni alikuwapo askari, kijana mrefu, sare imempwaya mabegani. Alituambia kwa Kiingereza kwamba bado hawajafungua, turudi saa kumi. Mama akanigeukia akaniambia nifunge kamba ya kiatu, na yule kijana aliposikia hivyo uso wote ukamfunguka.

"Aki kumbe ni watu wetu," alisema. "Mnatoka Mombasa?"

Baba akamwambia Unguja.

"Ah. Nyinyi ndio wenye hii lugha. Sisi huko Bungoma tumekodisha tu."

"Na wapangaji wenyewe mnavunja vyombo," Baba akamjibu.

Yule kijana alicheka mpaka akashika lango. Alijiita Wafula. Alituambia wenzake wa zamu wote ni Wanepali, watu wazuri, lakini ulimi wake umeanza kuota kutu. Mama akafungua kikapu akampa chapati mbili. Alizila wima, moja baada ya nyingine, kisha akajifuta mikono kwenye suruali akatufungulia. Mkubwa wake akitokea, alisema, yeye hatujui, ameona sisi tukiruka ukuta.

Wakatangulia wanaume. Ya kwanza ilikuwa ndege ndogo ya kivita, rangi ya mchanga, pua ndefu, na mabomu ya bandia yametundikwa chini ya mabawa. Baba aliipapasa ubavu kama anavyolipapasa gari la mteja kabla ya kumpa habari mbaya. Ilifuata helikopta isiyo na milango, kisha ndege nyingine yenye pangaboi puani. Jua lilikuwa limeyaoka yale mabati, na harufu yao, ile ya chuma na grisi na vumbi, ilinifuata popote nilipojificha. Nilizunguka nyuma ya Mama. Nikahamia upande wa Baba. Nikarudi kwa Mama. "Mtoto huyu kaingiwa na nini leo," alisema, na mimi nikashika ncha ya buibui lake nikaipindapinda mpaka ikawa kamba.

Mwishoni kabisa ilikuwepo ndege kubwa ya kijani, nene, mkia wake umefunguliwa na mlango umeteremka mpaka chini kama ngazi pana. Wafula akasema hii ilibeba askari na mizigo. Mizigo, nikasikia. Nikafikiria makopo ya maziwa na blenda. Baba alikwisha ingia, Mama akamfuata, na mimi nikaona heri ndani na Mama kuliko nje peke yangu.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Hakuna zulia, hakuna dirisha la maana, hakuna wale wanawake wenye kofia ndogo wanaogawa juisi, ambao Salma aliapa kwa jina la mama yake kwamba wapo. Viti vilikuwa mikanda iliyosukwa, imefungwa ukutani kwa safu. Mama alikaa kwenye mmoja, akauweka mkoba mapajani, akapangusa jasho. Alionekana kama msindikizaji aliyefika mapema. Wafula akaniambia na mimi nijaribu kukaa, nikakaa, kwa sababu nililelewa kumtii mtu mwenye sare. Akauvuta mkanda mpana kifuani mwangu akaufunga. Ukalia ta.

"Haya, madam mdogo," alisema, akasimama wima kama mhudumu. "Ndege inatoka saa kumi. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na ni yako. Umebeba paspoti?"

Mama akacheka. Kicheko kidogo, cha kwanza tangu asubuhi, na ndicho kilichonimaliza. Nilishika ile kufuli ya mkanda, haikufunguka. Nikaivuta kwa mikono miwili. Ilikuwa kuukuu, imekaa miaka bila kazi, nayo ikaamua kunishikilia mimi. Nikapiga ukelele ambao nadhani wale Wanepali waliusikia.

"Siendi," nilisema. "Baba, siendi. Nibakisheni Satwa. Nitatoka nje kila siku, nimeshaanza. Nitacheza mpira. Nitakaa na wewe, Baba, nitakupikia wali, naujua, nimeona unavyopikwa. Nitakufulia. Kwa Bibi sitaki, msinipeleke, nataka kukaa nyumbani na wewe."

Nilimwambia yeye kwa sababu yeye ndiye aliyesema kule nitakimbia. Mama sikumtaja. Haikunipitia akilini kwamba Mama ni wa kuombwa. Mtu akiomba asitolewe nyumbani hataji na ukuta.

Wafula alipiga magoti akihangaika na kufuli, anasema pole, pole sana, alikuwa anacheza tu, hii ndege haijaruka tangu yeye azaliwe. Baba akamsogeza taratibu, akaibonyeza kwa kidole gumba mahali anapopajua mtu wa vyuma, ikaachia. Lakini hakuninyanyua. Alimtazama Mama.

"Nani kakwambia unakwenda kwa Bibi?" Mama aliniuliza.

"Nimesikia."

"Na hutaki."

"Sitaki."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Khalas," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Kashasema mwenyewe."

"Huyu hajui anachosema," Mama akamwambia.

"Wewe ndiye uliyetaka tumuulize. Kajibu kabla hatujamuuliza."

Mama akainuka, akashuka ule mlango mpana, akaenda kusimama kwenye kivuli cha bawa, ametupa mgongo. Mimi nikafikiri ni aibu, nimemuaibisha mbele ya mtu baki. Wafula alinipa maji kwenye kifuniko cha chupa yake akaniomba nimsamehe tena. Nikamsamehe. Nilikuwa na furaha ya kusamehe hata jeshi zima.

Ukweli nilipewa baada ya alasiri, uani kwa yule mtu wa gia, Baba na wenzake wanaiburuta mashine kuipandisha nyuma na pikapu inashuka na kupanda kila waliposukuma. Tulibaki sisi wawili ndani. Mama aliniambia nimtazame, nikamtazama, lakini miguu ilikuwa bado inapiga kiti, na yeye akaweka mkono juu ya magoti yangu kuituliza.

Akasema hakuna aliyetaka kunipeleka peke yangu. Anayekwenda ni yeye. Bibi kaanguka, kavunjika nyonga, hawezi hata kujigeuza kitandani, na zaidi yake yeye, Bibi hana mtoto mwengine. Baba alitaka twende sote wawili. Yeye akasema kuna skuli, kuna mazoea, nimeshakuwa msichana mkubwa, niulizwe.

Niliuliza kwanza lililonihusu. Nani atakaa Satwa? Baba. Na meza? Meza itabaki pale pale. Mama alijibu vizuri tu, kama ndiyo maswali aliyoyatarajia. Kisha nikamuuliza atakaa siku ngapi.

"Mpaka Bibi apone."

Nilijua ugonjwa unavyochukua. Mimi niliwahi kuugua tetekuwanga, vipele mpaka kwenye kope, ugonjwa mkubwa kuliko wote niliopata kuusikia, na nilipona siku ya nane. Nikapiga hesabu. Siku nane bila mtu wa kuniambia nitoke nje.

"Sasa umejua," Mama alisema. Alinishika kidevu, vidole vyake vikavu kwa kuchomwa na sindano. "Bado unataka kubaki na Baba yako? Niambie kweli. Sitakasirika."

Ningependa kusema kwamba mtoto hakuelewa. Nilielewa cha kutosha. Lakini nilikuwa nimeshalia, nimeshaapa mbele ya Baba na mbele ya askari wa Bungoma, na nimeshashinda. Mtu aliyeshinda harudi kuomba ashindwe. Na ni siku nane tu. Macho ya Mama yalikuwa mekundu, nikasema moyoni vumbi la huku kali.

"Ndiyo," nikamwambia.

"Haya, mwanangu," alisema, akakiachia kidevu.

Njia nzima ya kurudi niliimba nyimbo za skuli. Sikutapika, ilikuwa mara ya kwanza. Baba hakusema mguu hata mara moja. Aliusogeza mwenyewe, kwa upole, kila alipotaka kubadilisha gia.

Wiki iliyofuata nikauona uwanja wa ndege wenyewe, taa mpaka darini, na sakafu ambayo ungeweza kujitazama meno. Mama alisukuma toroli lenye mizigo ya watu wa vyumba sita. Alinibusu, akaingia ndani, na hakugeuka nyuma. Baba aliniambia hairuhusiwi kugeuka. Niliamini mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku niliyosafiri mimi, nikageuka na hakuna aliyenikataza.

Siku ya nane niliamka mapema, nikafagia chumba, nikakaa kumsubiri. Siku ya tisa vilevile. Ya kumi Baba akaniketisha kitandani akanieleza nyonga ni kitu gani.

Mfupa wa Bibi haukushika. Kisha ikaja sukari, kisha kidonda, na kila Mama alipokaribia kukata tiketi ya kurudi kikatokea kingine. Ijumaa Baba alinunua kadi ya simu, tukabonyeza namba yake pamoja, sauti yake ikatufikia imechelewa hatua moja, hata tukawa tunaingiliana maneno. Mimi nilimpa taarifa. Nimepika wali, haukuungua. Nimepika mchuzi. Nimemfulia Baba, kola zimetakata. Nilizungumza haraka, kadi isije ikaisha kabla sijamaliza sifa zangu. Yeye aliuliza, "Unatoka nje?" Nikamwambia sina nafasi. Ilikuwa kweli. Chini ya meza sikukaa tena, hakuna mwenye nyumba anayekaa chini ya meza. Nilisimama juu ya debe la mafuta ili nifikie jiko, nikagombana na Mama Salma kuhusu zamu, nikahamisha kila kitu kwenye rafu yetu mahali ambapo mkono wangu ungefika. Baba alikula bila kulalamika, na siku nyingine alilala na sahani mapajani. Nilichokililia ndani ya ile ndege nilipewa chote. Nyumba, Baba, wali, nguo za kufua.

Bibi alifariki mwaka wa pili, na baada ya arubaini Mama akarudi. Alikuja amepungua, mweusi zaidi, na mkono wake wa kulia umekuwa na nguvu mpya, ya mtu aliyezoea kugeuza mgonjwa. Jioni ile chumba kilijaa watu waliofuata vifurushi vyao.

Asubuhi Baba alikwisha kwenda kazini. Niliamshwa na sauti ya makopo jikoni. Kopo linafunguliwa, linafungwa. Jingine linafunguliwa, linafungwa. Nikatoka nikamkuta Mama amesimama mbele ya rafu yetu, kanga kiunoni, sufuria ya maji inachemka, na amegeuza kila kopo uso mbele.

"Sukari mnaiweka wapi siku hizi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Nilifurahi kumwonyesha, hilo ndilo nisiloweza kujisamehe. Nilipanda juu ya debe, nikaitoa, nikamwonyesha na majani ya chai, na hiliki, na kijiko kinachofaa, na jinsi jiko la kushoto lilivyo na ujanja wake. Kisha nikaishika sufuria mimi.

"Wewe kaa tu, Mama," nikamwambia. "Leo mgeni."

Alinitazama kidogo. Akavuta kile kiti cha plastiki kilichokuwa kando ya mlango, akakaa, mikono mapajani, magoti pamoja, kama wanavyokaa watu wote wanaosubiri chai katika nyumba isiyo yao.